Kiini Kilichovuka Ukuta

Madam wa Bayo, mwalimu wa Bayolojia shuleni kwetu, alinunua vitunguu kama mtu anayechagua mchumba. Alivishika kimoja kimoja, akavibonyeza kwa kidole gumba, akavinusa, akavirudisha. Mama aliyemuuzia pale sokoni Eldoret alikuwa ameshamzoea, lakini wateja waliosubiri nyuma yake walikuwa wakiguna. Siku moja niliyomsindikiza, mzee mmoja alishindwa kuvumilia.

"Madam, si ni vya stew tu?"

"Hivi ni vya masomo," akajibu bila kugeuka. "Stew itakula mabaki."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kutoka kwa kila kitunguu alitaka ule utando mwembamba wa ndani tu, unaotoka kama karatasi ya nailoni ukiuvuta vizuri. Kilichobaki kilipelekwa jikoni, kikaingia kwenye githeri, mahindi na maharagwe ya wasichana. Mpishi wetu alijua ratiba ya Bayolojia kuliko naibu wa mwalimu mkuu, maana siku ya seli chakula kilikuwa kitamu zaidi.

Mimi nilikuwa mtu wa maabara, na bado ndimi. Si mwalimu. Kazi yangu ni kuosha vyombo, kupima kemikali, kutayarisha slaidi na kuhesabu mikasi kabla wasichana hawajatoka mlangoni. Nilifanya kazi na Madam miaka kumi na mitatu. Naandika haya kwa sababu nilimkosea, na si yeye peke yake. Kosa lenyewe lilihusu video ya dakika nne, na msichana aliyekuwa sahihi wakati mimi nikijua kwamba yuko sahihi na nimefunga mdomo. Nitalifikia. Lakini nikianza na kosa langu mtanijua mimi badala ya kumjua yeye, na yeye ndiye anayestahili kujulikana.

Nianze na simu yake. Shule ilipopata projekta, walimu wengi waliitumia kuonyesha maandishi yaleyale waliyokuwa wakiandika ubaoni, sasa tu yakiwa na mwanga. Madam aliitazama wiki nzima bila kuigusa. Kisha akaja na simu yake, akaifunga kwa mipira ya raba juu ya hadubini, pale pa kuweka jicho, akaiunganisha na projekta. Picha ikatokea ukutani ikicheza kama maji ya karai. Hakuridhika. Akaenda kwa fundi seremala akataka stendi ya mbao yenye tundu la kukaa simu.

"Hii ni ya nini sasa?" fundi aliuliza.

"Ya kushika simu isitetemeke."

"Si ushike tu na mkono, Madam?"

"Mkono wangu unapumua."

Fundi alinitazama kuona kama tunamtania. Sikucheka. Nilikuwa nimeshajaribu kuishika ile simu kwa mkono mwenyewe, na nilijua kwamba ukikuza kitu mara mia nne, hata mapigo ya moyo wako yanaonekana ukutani.

Kabla ya stendi ile tulikuwa na hadubini moja nzuri kwa darasa la wasichana hamsini. Walipanga foleni, kila mmoja akachungulia kidogo, akasema, "Nimeona, Madam," akapita. Nusu yao walikuwa wameona kope zao wenyewe. Sasa darasa zima liliona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na Madam aliweza kugusa ukuta kwa fimbo na kuuliza, "Hii ni nini? Na hii?" Alipenda sana jambo hilo. "Sasa hakuna wa kunidanganya," aliniambia siku ya kwanza, na akapiga makofi mara mbili, mtu mzima.

Kila mwaka alianza na mwili wake. Alichukua kijiti cha meno, akakwangua shavu lake kwa ndani, akapaka kwenye slaidi, nikadondosha tone la rangi ya bluu, na picha ikapanda ukutani. Vitu vilivyokunjamana kama chapati zilizotupwa, kila kimoja na doa lake katikati.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Bila lotion."

Wasichana walipiga mayowe. Kisha kila mmoja akataka kujiona.

Masomo yetu yanafundishwa kwa Kiingereza, na darasani tulisema cell, tukasema nucleus, tukasema cell wall. Humu nitasema seli, kiini na ukuta wa seli, kwa sababu ndivyo Madam alivyoyaeleza somo likikwama. Aliposhindwa kueleweka kwa Kiingereza aliweka fimbo chini na kusema, "Haya, tuongee sasa." Hapo ndipo watoto walipoelewa.

Amri yake ilikuwa moja: chora unachoona. Si kilicho kitabuni, si alichochora jirani. Aliwachukia wale waliochora kiini katikati ya seli, duara safi, hata kabla sijawasha taa ya hadubini. "Umeona wapi?" aliuliza. "Nionyeshe. Njoo uguse." Msichana aliguna, akafuta. Zile katuni za seli zilizoko kwenye mtandao, za zambarau na waridi, alizifungia mpaka darasa liwe limeona seli yenyewe kwanza. "Seli haina rangi za harusi," alisema. Baadaye aliwaonyesha katuni hizo na kuwataka wahesabu uongo uliomo. Darasa moja lilipata uongo saba.

Amri hiyo ilimgeukia mara moja kwa namna iliyonichekesha mwezi mzima. Ukuta wa maabara ulikuwa umepakwa krimu na kubabuka, kwa hivyo alileta shuka kutoka nyumbani kwake iwe skrini. Shuka nyeupe, alisema. Ilikuwa nyeupe kwa mtu aliyelala juu yake miaka kumi. Kwetu sisi ilikuwa na maua, hafifu, lakini maua. Aliposahihisha michoro ya siku ile alikuta wasichana wawili wamechora seli ya kitunguu yenye maua madogo ndani yake, na mmoja ameyawekea mshale na alama ya kuuliza. Nilidhani atawachapa kwa maneno. Aliwapa alama zote. Siku iliyofuata aliwasimamisha mbele na kuwaambia wenzao, "Hawa wawili ndio waliokuwa na macho. Nyinyi wengine mliona maua mkanyamaza." Kisha akanunua shuka nyingine.

Stima ikipotea na projekta kuzimika, na katika muhula wa pili ilipotea sana, wasichana walisema "Aaah!" kwa pamoja na kuanza kukusanya vitabu. "Stima imeenda," Madam alisema, "seli hazijaenda. Kaeni." Alibeba hadubini ya zamani yenye kioo hadi dirishani, akaigeuzia jua, na somo likaendelea, zamu kwa zamu, hata kengele ya chakula ikilia. Baridi ya Julai ilimsumbua zaidi kuliko stima. Asubuhi kioo cha simu kilipata ukungu kwa pumzi ya darasa, na slaidi zikatokwa na jasho. Alizipasha moto kati ya viganja vyake, huku akiendelea kufundisha, mikono imekutana kama ya mtu anayeomba.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa wachelewaji, na yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza kipindi kwa wakati. Mwalimu wa Hesabu alikuwa akisimama mlangoni amekunja mikono mpaka tukamzoea. Alinyang'anya wasichana simu bila huruma, na simu yake ililia katikati ya somo ikiwa imefungwa juu ya hadubini, ikaandika ukutani mbele ya watu wote jina la dada yake na picha yake akiwa amevaa kofia ya harusi. Alifundisha kwa projekta, lakini matayarisho yake yote aliyaandika kwa penseli kwenye daftari la kurasa mia mbili. Hakuamini kompyuta ihifadhi kitu. Na hakupenda kukosolewa. Ukimkosoa alinyamaza kwanza, akaondoka, akarudi kesho yake akiwa amepima maneno yako. Ulipokuwa sahihi alikwambia. Lakini ile siku ya katikati ilikuwa ndefu.

Hakujua kuacha kazi kazini. Kanisani mhubiri aliposema mwili umetengenezwa kwa viungo, alimfuata nje baada ya ibada kumweleza kwamba viungo vyenyewe vimetengenezwa kwa seli. Mhubiri aliahidi kurekebisha. Shambani kwake, upande wa Ziwa, kijiji kilicho nje ya Eldoret, viwavi walipoingia kwenye mahindi, alikaa chini katikati ya mistari na kunitumia picha kumi na nne za jani moja siku ya Jumapili, nikiwa mezani na familia. "Angalia ya tisa," aliandika. Mke wangu aliuliza ni nani huyo anayenitumia majani.

Mimi alinichukulia kwa heshima ambayo sikuizoea. Nilikuja Eldoret kutoka magharibi kama vijana wengi, nikafanya vibarua, nikaingia shule hii kufyeka nyasi, na nikahamia maabara kwa sababu mtu wa maabara niliyekuwa nikimsaidia alistaafu. Sikusomea. Walimu wengine waliniita "wewe wa labu." Madam aliniita Mzee wa Labu tangu nikiwa na miaka thelathini, na wasichana wakafuata. Aliponitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ndiye anayefanya nionekane najua." Niliendelea kupanguza meza iliyokuwa safi.

Sasa video.

Aliamua kurekodi somo la seli ya kitunguu, ili shule zisizo na hadubini nzuri ziione. Tulifanya kazi hiyo Jumamosi. Yeye alizungumza, mimi nilitayarisha slaidi. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba kioo kidogo cha kufunikia hakiangushwi juu ya maji kikiwa kimelala. Unakisimamisha upande mmoja, unakishikilia kwa sindano, unakilaza polepole ili hewa itoke. Ukikiangusha, hewa inabaki chini yake, viputo vidogo vya duara vyenye ukingo mweusi. Nimewaambia wasichana jambo hilo mara elfu. Jumamosi ile nilikuwa na haraka, mtoto wangu alikuwa na homa nyumbani, na nilikiangusha.

Madam alitafuta seli nzuri, akaipata, akarekodi. "Na hiki hapa, wasichana," sauti yake inasema, tulivu kabisa, "ndicho kiini." Kwenye skrini kuna kitu cha duara, ndani ya seli, upande mmoja, kizuri kama cha kitabuni. Mwishoni aliandika jina lake, na chini yake akaandika langu: slaidi imetayarishwa na. Sikuwahi kuona jina langu limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho na orodha ya mshahara. Usiku huo nilimwonyesha mke wangu mara tatu.

Jumatatu nilipokuwa nikiosha vyombo niliichukua slaidi ileile, nikaiweka chini ya hadubini, kwa kujivunia tu. Ayodini, ile rangi niliyodondosha Jumamosi, ilikuwa imeingia vizuri sasa. Viini vya kweli vilikuwa vimeonekana, hafifu, vya manjano, kila seli na chake. Na lile duara la Madam lilikuwa limehama. Lilikuwa limekaa juu ya ukuta, nusu katika seli hii, nusu katika seli ile. Kiputo cha hewa. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, na najua nilichofikiria, kwa hivyo sitajifanya kwamba nilisahau. Nilifikiria jina langu. Video ilikuwa imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, Sugoi, Ziwa, Timboroa, na pongezi zilikuwa zikiingia kwenye simu ya Madam kila dakika. Nikaiosha slaidi.

Miaka miwili video ile ilifundisha. Madam alichoka na maombi ya watu. Ofisi ya elimu ilimtaka aandae siku ya mafunzo, walimu wa Bayolojia waje kwetu wajifunze kutumia simu na hadubini. Alijitayarisha kama bibi harusi. Na wiki mbili kabla ya siku hiyo, Njeri aliinua mkono.

Njeri alihamia kwetu kutoka Timboroa akiwa Kidato cha Pili, msichana mrefu, mkimya, aliyevaa sweta mbili. Ulikuwa wakati wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo, na kabla ya hapo Madam alikuwa na desturi ya kurudia somo la seli kwa wote, kwa sababu alisema asiyeipenda seli asidanganywe kuchukua Bayolojia. Stima ilikuwa inasuasua siku hiyo, hakutaka taa ya hadubini iungue, akacheza video.

"Madam, tafadhali rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha.

"Hapo. Hiyo nucleus imecross cell wall."

Darasa likacheka. Kwenye video, karibu na mwisho, kuna sindano inayogusa kioo kukiweka sawa. Ni sindano yangu. Wakati huo huo lile duara linateleza kidogo, linapita juu ya ukuta wa seli, linatulia upande wa pili. Ni jambo la kufumba na kufumbua.

"Ni slaidi imesonga," Madam akasema.

"Hapana, Madam. Slide haijasonga. Hiyo tu ndiyo imesonga." Njeri alikuwa amesimama. "Nafikiri ni air bubble."

Nilikuwa nyuma ya darasa na sinia ya vioo. Madam alinitazama, si kwa shaka, alinitazama tu kama unavyomtazama mtu wa nyumbani mgeni anapokosa adabu. Nikainamisha kichwa nikahesabu vioo. Vilikuwa kumi na viwili. Vilikuwa kumi na viwili hata nilipovihesabu tena.

"Kaa chini, Njeri. Hii video imeonwa na walimu wa county nzima."

Njeri aliketi, akachora, na kwenye mchoro wake akaandika kwa herufi kubwa: AIR BUBBLE. Madam alikata kwa kalamu nyekundu. Huyu ni yuleyule aliyewapa waliochora maua alama zote.

Siku tatu baadaye mwalimu wa darasa alileta fomu za masomo. Njeri alikuwa amepiga mstari juu ya Bayolojia. Alipoulizwa sababu, alisema kwa heshima tu, "Nikichora nilichoona nakosa, na nikichora kingine nadanganya. Afadhali History." Mwalimu wa darasa aliyarudia maneno hayo kwenye chumba cha walimu kama kichekesho. Madam hakucheka. Aliacha chai yake mezani akaja maabara.

"Mzee, ile slaidi tulirekodi nayo. Uliifunika aje?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu, na sikuwa nimeiomba.

"Kawaida tu, Madam."

Alitikisa kichwa kukubali. Akakaa kwenye stuli, akafungua video kwenye kompyuta, akaisogeza picha kwa picha kwa kidole kimoja, akiinama mpaka pua ikakaribia kioo. Mimi nilijifanya napanga chupa. Alirudia mahali pale mara nyingi sana. Mwishowe alifunga kompyuta, akasema, "Asante, Mzee," akaondoka bila kuniangalia.

Siku ya mafunzo ilifika. Walimu walijaza stuli zetu, wengine wakaketi madirishani. Wote walikuwa na ile video kwenye simu zao. Madam aliingia na koti lake jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake Njeri, na sweta zake mbili, akitembea kama anayepelekwa hospitali.

"Karibuni," Madam alisema. "Kabla sijawafundisha kitu, nataka huyu msichana awafundishe." Akacheza video. Akaisimamisha. Akampa Njeri fimbo. "Waonyeshe."

Njeri alinong'ona.

"Sauti," Madam akasema. "Uko sawa, kwa hivyo sema kwa sauti."

Basi akasema. Alisema kiini hakitoki kwenye seli yake, akasema ukingo mweusi namna ile ni wa hewa, akaonyesha mahali kiini cha kweli kilipojificha, hafifu, ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaangalia. Mwalimu mmoja wa Sugoi alitoa simu yake na kuitazama kana kwamba imemtukana.

"Hii video niliwatumia mimi," Madam akasema. "Msichana huyu aliniambia nikamkatia alama. Leo nimemrudishia, mbele yenu. Futeni video. Fundisheni kosa hili, litawafaa kuliko somo lenyewe."

Mwalimu mwingine akauliza kwa upole, slaidi ilitayarishwa na nani, ili wajue kosa lilianzia wapi. Jina langu lilikuwa mwishoni mwa video, kwenye simu zao zote.

"Mimi," Madam akasema. "Nilikuwa na haraka siku hiyo, nikakiangusha kioo. Huyu jina lake niliandika tu kwa heshima."

Nilikuwa nimesimama pembeni ya sinki. Kila mtu alinigeukia na kutabasamu. Nami nikatabasamu.

Baada ya hapo watu walimpenda mara mbili. Walimrudia na maswali mpaka saa kumi na moja jioni. Njeri alichukua fomu yake na kuandika Bayolojia upya, juu ya mstari aliokata, na Madam akaenda naye mwenyewe kwa mwalimu wa darasa kuhakikisha imekubaliwa. Tulirekodi video nyingine. Safari hii aliniangalia nikilaza kioo, polepole, kwa sindano. Majina hakuandika. Nilimshukuru kimoyomoyo, na nikajiambia mambo yamekwisha.

Miaka ilipita, naye akastaafu. Tulimfanyia sherehe, akalia, nikalia. Akaenda Ziwa kwa mahindi yake na ng'ombe wake wawili.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliniita kunieleza kwamba muhula ujao tutapokea mwanafunzi wa ualimu, atafundisha Bayolojia, na nimsaidie maabara kwa sababu anapenda kufundisha kwa hadubini na projekta. "Alisoma hapahapa," akasema. Nikasoma jina kwenye barua. Njeri. Nilirudi maabara nikakaa. Siwezi kusimama kando ya yule msichana kila siku, nikimpa slaidi, akiniita Mzee.

Jumamosi nilienda Ziwa. Ilikuwa siku ya soko, na nilimkuta Madam nyumbani akichambua maharagwe, amezeeka kidogo, macho yaleyale. Alinipa mursik, maziwa yale ya kibuyu ambayo miaka kumi na mitatu alinitania siyawezi. Nikanywa yote. Aliuliza habari za shule, za projekta, za kioo cha hadubini kilichopata ukungu. Nilimjibu. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Madam, ile slaidi ni mimi."

"Najua ni wewe. Mimi sikugusa kioo siku hiyo." Aliendelea kuchambua. "Makosa hutokea. Mtoto alikuwa mgonjwa. Nilisema ni mimi kwa sababu mtu hawezi kuaibishwa kwa kitu asichokijua."

"Nilikijua."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Jumatatu ile," nikasema. "Niliiangalia tena kabla sijaiosha. Niliona."

Nilisikia ng'ombe, nikasikia pikipiki kwenye barabara. Nilikuwa nimezoea ukali wake na nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali. Kilichokuja si ukali. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa hivyo Njeri aliposimama."

"Nilijua."

"Na nilipokuuliza ulifunika aje."

"Nilijua, Madam."

"Mimi nilikosa kuona," akasema. "Hilo nimejisamehe. Lakini wewe uliona. Watoto wamedanganywa miaka miwili, na wewe ukiwa hapo nyuma." Aliusukuma ungo kando. "Nilidhani nilikuwa nakinga mtu asiye na hatia. Ndiyo maana nililala vizuri."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na sioni aibu kusema. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia yamepita. Alisubiri mpaka nikamaliza, akajipangusa mikono kwenye leso, akatoa simu yake mfukoni, akatafuta kitu, akabonyeza, akaniwekea mkononi ikiwa inalia.

"Mimi si wa kuombwa," akasema. "Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na jina, watu walinipigia makofi hata nikikosea. Yeye alikuwa mtoto mgeni, na darasa zima lilimcheka."

"Halo, Madam!" Sauti ilikuwa ya mtu mzima, yenye furaha. "Umeshindaje? Umeskia nimepewa shule yetu?"

"Si Madam, Njeri. Ni mimi, Mzee wa Labu."

"Ai, Mzee! Uko Ziwa? Niko na mambo mengi nataka kukuuliza, ile stendi ya simu bado iko?"

Madam alikuwa ananitazama. Hakunisaidia.

"Njeri, siku ile uliyosema ni kiputo cha hewa, na darasa likakucheka. Mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa najua uko sawa."

Nilidhani imekatika, nikaitoa sikioni kuangalia, nikairudisha.

"Ulijua baada ya mimi kusema?" akauliza polepole. "Ama ulijua nikiwa nimesimama?"

"Kabla yako," nikasema. "Miaka miwili kabla yako."